Ruhusa Kwanza, Picha Baadaye: Safari ya Kamera kutoka Albuquerque hadi Grand Canyon

Jumapili, Albuquerque

Dada yangu anaishi hapa, jimbo la New Mexico, na ratiba ni yake. Yeye anaendesha gari, mimi napiga picha. Tumechagua mwisho wa Oktoba kwa sababu joto la jangwani limeshapungua, jua linapita chini zaidi angani na vivuli vinakuwa virefu, na miti ya kotonwudi kandokando ya mito imegeuka manjano. Kwa mtu anayefuata udongo na mawe, huu ndio msimu.

Nia yangu naiandika mapema. Picha nyingi za upande huu wa Marekani nilizokuwa nikiziona zinaonyesha kuta tupu, korongo tupu na anga tupu, kana kwamba wenyewe walihama zamani wakawaachia wageni mandhari. Wenyewe wapo. Wanalima, wanasali, wanasomesha watoto, na sehemu kadhaa kati ya hizi tunazokwenda ni mali yao kisheria. Nataka picha ambazo mtu akiziona atajua kuwa nyumba ina mwenyewe.

Jioni tulianza na Petroglyph National Monument, pembezoni mwa jiji upande wa magharibi. Ni ukingo wa miamba myeusi ya volkano wenye urefu wa karibu kilomita 27, na juu ya mawe hayo kuna michoro zaidi ya 20,000: ndege, nyayo, nyota, nyuso. Mingi ilichongwa na mababu wa Wapueblo, wenyeji wa asili wa upande huu, kati ya miaka 400 na 700 iliyopita. Walikuwa wanagonga ngozi nyeusi ya jiwe mpaka rangi ya ndani iliyofifia itokee. Saa sita mchana mchoro na jiwe vinalingana na huoni kitu. Jua likishuka na kupiga kwa ubavu, kila alama ya kugongwa inapata kivuli chake. Nyumba za mtaa wa leo zimefika hadi mpakani mwa hifadhi. Wengi huzikwepa kwenye fremu. Mimi nimeziacha zionekane.

Jumatatu, Acoma

Mwendo wa kama saa moja kuelekea magharibi, kisha unaiona: mlima uliokatwa bapa juu kama meza, umesimama peke yake bondeni kwa kimo cha zaidi ya mita 110, na juu yake kijiji cha Wapueblo. Huingii hivihivi. Unalipa kiingilio, unakata kibali cha kamera, unapanda pamoja na mwongozaji ambaye ni mwana wa Acoma. Sheria zinasomwa kabla hujapanda: ndani ya kanisa hakuna picha, makaburini hakuna picha, mtu hapigwi mpaka akubali.

Kanisa la San Esteban del Rey lilianza kujengwa 1629. Juu ya mlima huu hakuna udongo wa kutosha kulijenga wala mti wa kutoa boriti. Udongo ulibebwa kutoka bondeni, na boriti zilitoka Mlima Taylor, kama kilomita 50 kutoka hapa, mabegani mwa watu wa Acoma. Na hiyo ilikuwa miaka 30 tu baada ya 1599, mwaka ambao askari wa Juan de Oñate, gavana wa Kihispania, waliuvamia mlima huu wakaua mamia ya watu. Wanaume waliozidi umri wa miaka 25 wakahukumiwa kukatwa mguu mmoja na kutumikishwa miaka 20. Ukiwa umesimama ndani ya kanisa hilo, shingo ikiangalia boriti zile, katazo la picha halikuudhi. Nilifunga begi la kamera na kuangalia kwa macho. Naona ni haki yao kabisa: zipo sehemu ambazo wenyewe wameamua zisitoke nje, na mgeni hana hoja.

Nje nilipata kazi ya kutosha. Ngazi nyeupe za miti zilizoegemezwa ukutani, matanuri ya udongo yenye umbo la kuba, vidimbwi vya maji ya mvua vilivyokusanyika mwambani. Mama mmoja alikuwa anauza vyungu mlangoni kwake. Acoma wanasifika kwa vyungu vyembamba sana, vyeupe, vilivyochorwa mistari myeusi. Alinionyesha brashi yake: kipande cha jani la yuka, mmea wa jangwani, kilichotafunwa ncha moja mpaka nyuzi chache tu zikabaki. Kwa nyuzi hizo anachora mistari kadhaa ndani ya upana wa kidole. Nilimwomba nipige mikono na brashi tu, bila uso; akakubali, akasogea mwenyewe kwenye mwanga.

Jumanne, Santa Fe

Siku ya makumbusho. Palace of the Governors, iliyojengwa kuanzia 1610, ina varanda ndefu inayotazama uwanja wa mji, na chini ya varanda hiyo mafundi wa makabila ya asili wanatandika nguo zao na kupanga vito vya fedha na feruzi, na vyungu. Ndani unasoma habari za 1680, pale Wapueblo walipoungana chini ya kiongozi wao Po'pay, wakawafukuza Wahispania na kulishika jengo hilihili hadi 1693. Ukuta ni ule ule, wenyewe wamebadilishana. Vitu vya ndani ya vioo sikuvipiga sana. Mwangaza wa taa unarudi kwenye kioo na picha inabaki ya taa. Mchana Makumbusho ya mchoraji Georgia O'Keeffe, yaliyofunguliwa 1997. Niliyapita haraka, kwa sababu akili yangu ilikuwa tayari kwenye kanisa la kesho, ambalo yeye naye alilichora.

Jumatano, Ranchos de Taos na Taos Pueblo

Kanisa la San Francisco de Asís, lililojengwa kati ya 1772 na 1816, linapigwa picha kwa nyuma. Mbele kuna minara na mlango kama makanisa mengine. Nyuma hakuna dirisha hata moja: ni kuta nene za matofali mabichi na egemeo kubwa za udongo zilizovimba chini, pembe zote zimelainishwa. Wapiga picha mashuhuri wa Marekani wamepita: Ansel Adams alipiga hapa, Paul Strand alipiga hapa. Tulifika alfajiri, baridi kali, dada akabaki garini na chai yake.

Ukikaribia kiasi cha kugusa, udongo haufanani na ule wa mbali. Una vipande vya majani makavu vilivyokatwakatwa, na jua la kwanza linapovipiga vinang'aa kama nyuzi za dhahabu ndani ya rangi ya kahawia. Kuna nyufa nyembamba kama nywele, na mahali pengine unaona mchirizi wa kiganja cha mtu aliyekuwa akisawazisha. Waumini wa parokia hukusanyika kila mwaka kulikandika upya. Mvua na theluji vinaula udongo, na wao wanaurudisha. Mimi nimekulia kwenye nyumba ya udongo na nimeshika ndoo siku za kukandika, kwa hiyo kazi hiyo niliitambua kabla ya kuelezwa. Hapo ndipo nilipoacha lenzi pana nikaweka ya karibu. Umbo la nyuma ya kanisa limeshapigwa na mabingwa. Viganja vya mwaka huu bado.

Taos Pueblo iko kilomita chache kaskazini. Majengo mawili makubwa ya udongo ya ghorofa kadhaa, moja kila upande wa kijito, na watu wameishi hapa mfululizo kwa karibu miaka 1,000. UNESCO iliiingiza kwenye orodha ya Urithi wa Dunia 1992. Ndani ya kuta za zamani hawajaingiza umeme wala mabomba, kwa uamuzi wao. Kijito kinashuka kutoka Blue Lake, ziwa lao takatifu ambalo serikali ililichukua 1906 na kulifanya sehemu ya msitu wa taifa. Waliligombania miaka 64, wakarudishiwa Desemba 1970, ziwa na ekari 48,000 zinazolizunguka.

Picha niliyoifikiria zaidi leo ni ya mnara mmoja uliobaki wa kanisa la kale la San Geronimo. Februari 1847, wakati wa uasi dhidi ya utawala mpya wa Marekani, watu walikimbilia ndani ya kanisa hilo, na jeshi likalipiga kwa mizinga. Waliokufa ni kama 150. Kuzunguka mnara ni makaburi, na uzio wa chini unakuzuia. Nilipiga kutoka nje ya uzio, mnara ukiwa mdogo kwenye fremu na anga kubwa juu yake. Mtu aliyesimama karibu yangu aliinua simu juu ya uzio ili apate misalaba kwa karibu. Mwongozaji kijana alimfuata akazungumza naye kwa sauti ya chini, akaishusha.

Alhamisi, Hernandez na Chaco

Hernandez ni kijiji cha barabarani. Tarehe 1 Novemba 1941, jioni, Ansel Adams alikuwa anapita hapa na gari lake lenye jukwaa juu ya paa. Aliona mwezi umepanda juu ya milima, na misalaba ya makaburi ya kanisa inawaka kwa miale ya mwisho ya jua. Akasimamisha gari, akapanda juu, akafunga kamera kubwa, na kipima mwanga hakikuonekana. Alikuwa anaujua kwa kichwa mwangaza wa mwezi, akapiga hesabu kutokea hapo, akabonyeza. Alipogeuza kibebeo cha filamu apige ya pili, mwanga ulikuwa umeshatoka kwenye misalaba. Negativu ni hiyo moja. Miaka mingi yeye mwenyewe hakuwa na hakika ya tarehe. Mtaalamu wa nyota ndiye aliyeirudisha kwa kupima mahali mwezi ulipo kwenye picha.

Leo kuna barabara pana, miti na majengo, na upeo ule haupatikani. Watu husimama hapo wakasikitika. Mimi sikuona la kusikitikia: kijiji kinaishi, kimejenga. Nilipiga barabara yake na kanisa lake, tukaondoka.

Chaco, bonde la magofu ya mababu wa Wapueblo, ni mbali, na kipande cha mwisho ni vumbi na makorongo. Dada akasema, "Mdogo wangu, wenzako wamejenga mahali pasipo na maji." Ndilo swali linalowashughulisha watafiti mpaka leo. Pueblo Bonito, jengo kubwa kuliko mengine bondeni, lilijengwa kwa awamu kuanzia miaka ya 800 hadi ya 1100, umbo la nusu duara, vyumba zaidi ya 600, ghorofa nne na zaidi upande wa nyuma. Kwa majengo yote ya bonde hili ilihitajika miti zaidi ya 200,000, na mingi ilitoka milimani kilomita 75 na zaidi, bila gurudumu wala mnyama wa kubeba. Kwenye vyombo vyao maabara imepata mabaki ya kakao, zao ambalo shamba lake la karibu lilikuwa Mexico, mwendo wa karibu kilomita elfu mbili.

Milango ya Pueblo Bonito imejipanga chumba baada ya chumba, na kila mtu anapiga picha ya mlango ndani ya mlango. Nami nilipiga, ni picha nzuri kwelikweli. Lakini nilikaa muda mrefu zaidi kwenye ukuta: mawe bapa ya kimo cha nusu kidole, yamepangwa bila nafasi, safu nyembamba juu ya safu nene, ufundi ambao baadaye ulipakwa lipu na kufichwa. Aliyepanga alijua hautaonekana.

Usiku tulilala kwenye hema. Hifadhi hii imetambuliwa tangu 2013 kwa giza lake. Njia ya Maziwa ilitokea juu ya genge hadi nikaweza kuipiga kwa kamera iliyotuama juu ya jiwe.

Ijumaa, Mesa Verde

Kwa ufupi, maana tumechelewa kufika. Cliff Palace, vyumba kama 150 ndani ya pango la mwamba, miaka ya 1200, tumeiangalia kutoka kituo cha juu jua la alasiri likiingia hadi ndani. Msweden kijana, Gustaf Nordenskiöld, alipiga picha na kuchimba hapa 1891, akasafirisha alichokipata. Mkusanyiko ukaishia Helsinki. Mabaki ya watu na vitu vya mazikoni vilirudi 2020 na kuzikwa. Picha zake ni bora sana na nazipenda, na hilo la kusafirisha nalijua pia. Yote mawili yataandikwa nikimtaja.

Jumamosi, Monument Valley

Mpakani mwa Utah na Arizona, ndani ya ardhi ya kabila la Wanavajo, hifadhi yao wenyewe tangu 1958. Droni ni marufuku. Minara ile mitatu ya mwamba mwekundu inatazamwa kutoka upande wa magharibi, hivyo asubuhi inakuwa vivuli vyeusi mbele ya jua na jioni inawaka yote. Sinema zimeitumia mno. Nilipiga jioni, nikapiga asubuhi, na picha niliyoipenda ni ya farasi wawili kando ya banda la mwenyeji mmoja, kwa ruhusa yake, minara ikiwa nyuma kwa mbali.

Jambo la kuwaambia wanaokuja: Arizona haibadilishi saa majira ya joto, ila Wanavajo wanabadilisha. Ukivuka mpaka wao saa yako inaruka saa nzima. Kwa mtu anayewinda macheo hilo ni tofauti ya kupata na kukosa.

Jumapili, Canyon de Chelly

Siku niliyoingojea. Korongo hili ni hifadhi ya taifa tangu 1931, lakini ardhi ni ya Wanavajo, na familia kadhaa zinalima na kufuga huko chini. Kushuka ni lazima uwe na mwongozaji. Wetu alikuwa mzee wa makamo aliyezaliwa humo humo, kwenye shamba la bibi yake, akiendesha gari juu ya mchanga na maji ya kijito bila kupunguza mwendo.

Mdomoni kuta zina kimo cha kama mita 10, unaweza kupuuza. Kadiri unavyoingia zinapanda, mpaka zinapita mita 300, nyekundu, zimechirizika mistari myeusi ya madini yaliyoshuka na maji. Chini yake kotonwudi za manjano, mahindi yaliyovunwa, kondoo, na nyumba ambazo mwongozaji alizitaja kwa ukoo. Hapo alinyoosha mkono kunionyesha kwamba kamera ishuke, nikaishusha.

Alisimamisha gari penye miti michache ya mipichi. Mwaka 1864 jeshi la Marekani chini ya Kit Carson liliingia korongo hili kuwatoa Wanavajo kwa njaa: nyumba zikachomwa, mifugo ikachukuliwa, na miezi iliyofuata askari wakarudi kukata mipichi kwa maelfu. Zaidi ya watu 8,000 walitembezwa kwa miguu hadi Bosque Redondo, mashariki mwa New Mexico, mamia ya kilomita, wengi wakafa njiani na kambini. Mkataba wa 1868 ukawaruhusu kurudi. Wakapanda mipichi tena. Mwongozaji aliongea haya huku ameshika tawi, na tawi lilikuwa na majani machache yaliyokauka na makovu ya kupogolewa, matatu, moja likiwa bado jeupe. Nilimwomba nipige mkono wake na kovu lile. Akasema sawa, akauliza picha atapelekewaje. Anwani nimeandika.

Mbele kidogo ni White House, jengo la mababu wa Wapueblo lililobanwa kwenye ufa wa mwamba, lenye ukuta wa lipu nyeupe uliolipa jina. Timothy O'Sullivan alilipiga 1873, akiwa na msafara wa serikali wa kupima ardhi. Wakati ule plati ya kioo ilipakwa dawa hapohapo, ikapigwa ikiwa mbichi na kusafishwa ndani ya hema la giza kabla haijakauka. Karibu miaka 70 baadaye Ansel Adams alisimama karibu mahali palepale, akapata michirizi ileile ya mwamba. Nami nilikaa pale, nikapiga kama wao, kisha nikarudi nyuma hatua nyingi mpaka uzio wa shamba na alama za magurudumu mchangani vikaingia kwenye fremu. O'Sullivan alipiga miaka mitano tu baada ya watu kurudi kutoka uhamishoni. Ukiitazama picha yake huwezi kujua. Ndiyo maana nilitaka uzio.

Jumatatu, Ganado na barabara

Hubbell Trading Post, duka lililoanzishwa 1878 na bado linauza unga, kahawa na mazulia ya Wanavajo. Sakafu ya mbao inalia kila hatua. Kisha barabara ndefu, na mpakani saa zikarudi nyuma.

Jumanne, Grand Canyon

Korongo lina urefu wa kilomita 446 na kina cha zaidi ya kilomita moja na nusu, na miamba ya chini kabisa ina umri wa karibu miaka bilioni 1.7. Kamera haiwezi kulimeza, na sikulilazimisha. Nilipiga vipande: ukungu kwenye mkunjo mmoja, mstari wa jua ukishuka kwenye tabaka.

Muda wangu niliupeleka Kolb Studio, nyumba ya mbao iliyoning'inia ukingoni pale njia ya Bright Angel inapoanza. Ndugu wawili, Ellsworth na Emery Kolb, walianza kazi hapa miaka ya mwanzo ya 1900. Walikuwa wanawapiga picha watalii waliopanda nyumbu asubuhi wakishuka. Maji safi ya kusafishia picha hayakuwepo juu, yalikuwepo kwenye chemchemi karibu kilomita 7 chini. Basi Emery alikimbia na plati hadi chemchemini, akasafisha, akapanda mbio kimo cha kama mita 900, ili watalii wakirudi wakute picha zao zinauzwa. Siku baada ya siku. Aliishi humo hadi alipofariki 1976.

Chemchemi hiyo ni bustani ya kijani unayoiona kutoka juu. Wahavasupai walilima pale vizazi na vizazi. Hifadhi ikawabana, na mkazi wao wa mwisho akatolewa 1928. Kwenye ramani pakaitwa Indian Garden mpaka 2022, pakabadilishwa kuwa Havasupai Gardens kwa ombi la kabila. Nilishuka sehemu ya njia hadi bustani ikajaa kwenye lenzi ndefu, nikaipiga saa nane mchana, mwanga mkali, kwa sababu saa hiyo ndiyo kijani kinasomeka vizuri dhidi ya mwamba.

Usiku, hotelini, nimeanza kuandika maelezo ya picha. Kila moja ina mahali, tarehe, mwenye ardhi, na kama kuna mtu, basi ruhusa aliyotoa. Ya bustani nimeandika jina la Wahavasupai, 1928 na 2022. Ya mkono na kovu la mpichi nimeichapisha kwanza. Kesho tukipita posta ya Flagstaff, inaondoka kwenda Chinle, kwa mwongozaji wetu wa Canyon de Chelly.